Tangazo la Google na linki ya kamisheni

Mdogo wangu wa Tabora, unauliza kama unaweza kulipia tangazo la Google limpeleke mtu Amazon moja kwa moja kwa linki yako ya kamisheni, ile inayokulipa mtu akinunua kupitia kwako. Hapana. Masharti ya Amazon kwa washirika, yaani wanaotangaza bidhaa zao kwa kamisheni, yanakataza, tena hata kulipia tangazo litokee mtu akitafuta neno lenye jina la Amazon, ukilikosea herufi makusudi ni yale yale. Tangazo liende kwenye ukurasa wako. Na ukurasa huo usiwe wa kupitishia watu tu kwenda Amazon, Google wataukataa. Wewe mtu wa asali bwana! Eleza bomba la moshi la kutulizia nyuki lipi linafaa, glavu zipi mwiba wa nyuki haupenyi, weka picha zako mwenyewe, sema wazi unalipwa kamisheni. Kampuni nyingine zinaruhusu linki ya moja kwa moja, soma masharti ya kila moja.