Mjamzito na mwenye betri ya moyo kwenye geti la kukagua vyuma

Swali: Mimi ni mlinzi, nasimama kwenye lile geti la kukagua vyuma zamu nzima. Nina mimba ya miezi minne na wenzangu wananitisha eti mionzi yake itamdhuru mtoto. Pia baba yangu kawekewa betri ya moyo, akija kazini kwangu apite tu au azunguke?

Jibu: Dada hongera sana, na hofu ya mtoto itoe kabisa. Lile geti halitoi mionzi kama ya eksirei. Ndani ya zile nguzo mna koili za waya, umeme unapita kwa mapigo ya haraka haraka unatengeneza usumaku, sasa usumaku ukikuta funguo au bizimu ya mkanda wa suruali unaamsha umeme mdogo ndani ya kile chuma, koili za kupokea zikiunasa ndo taa inawaka na king'ora kinalia. Ni mawimbi ya masafa ya chini, hayana nguvu ya kuharibu vinasaba, na halijaonekana dhara lolote kwa mimba. Halafu usumaku unafifia haraka ukisogea, kwa hiyo simama hatua moja mbili pembeni, usiegemee nguzo wala usiweke stuli yako imeigusa. Kinachonipa wasiwasi zaidi kwako ni kusimama zamu nzima, hilo la kusimama liongee na msimamizi wako mapema upate kukaa.

Mashine ya eksirei ni ile ya mkanda inayopitisha mabegi. Nayo imekingwa vizuri, ila zile pazia nzito za mlangoni zina kazi yake, begi likikwama usipenyeze mkono kulivuta mashine ikiwa inafanya kazi, hata kama foleni inapiga kelele.

Kwa mzee ndo tuwe makini. Betri ya moyo inasikiliza umeme mdogo mdogo wa moyo, ikipata usumbufu wa nje wa karibu inaweza kudhani moyo unapiga wenyewe ikanyamaza wakati ilitakiwa isukume, na ile aina inayopiga shoti inaweza kudhani moyo umechanganyikiwa ikapiga bure. Kupita kwa mwendo wa kawaida kwa kawaida hakuna shida, shida ni kuganda katikati. Na hapa walinzi tunachangia jamani, geti likilia unamwambia mtu "simama hapo hapo toa simu", la hasha, mtoe nje ya geti kwanza ndo muongee! Mzee aonyeshe kadi ya kifaa chake aombe kupekuliwa kwa mikono. Kile kifimbo cha mkononi cha kukagua vyuma usikishikilie juu ya kifua wala kukipitisha hapo mara mbili tatu. Akihisi kizunguzungu asogee mbali na geti mara moja, mara nyingi kifaa kinarudi sawa chenyewe, ila hospitali aende wakakicheki.

Wenye vifaa vya kusisimua neva kwenye ubongo au uti wa mgongo nao wapekuliwe kwa mikono, geti linaweza kuwapa mstuko mkali. Mwenye chuma cha nyonga au goti geti litamlilia tu, halimdhuru.

Na kabla ya kuanza zamu shika nguzo uitikise kidogo. Ikicheza ujue bolti za sakafuni zimelegea au hazipo, foleni ikisukumana itamwangukia mtu, kwa hiyo usiruhusu watu wapite mpaka fundi aifunge.