Je, kahawa inaotesha nywele?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 31, mkazi wa Tanga, na husuka rasta karibu mwaka mzima. Nywele zangu za pembeni, juu ya masikio na kwenye paji la uso, zimepungua hadi ngozi inaonekana, ingawa za katikati ziko vizuri. Msusi wangu ananishauri nioshe kichwa kwa kahawa nzito iliyopoa, tena anauza mafuta anayosema yana kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye kahawa. Kaka yangu, ambaye kipara kinamnyemelea utosini, ameyanunua na ameongeza vikombe vya kahawa kwa siku. Je, kafeini inaotesha nywele kweli?

JIBU: Marahaba, dada. Swali lako linahusu vichwa viwili, na kinachomfaa kaka yako huenda kisikufae wewe.

Nianze na kaka yako, kwa kuwa utafiti mwingi umefanywa kwa watu kama yeye. Kipara cha wanaume ni cha kurithi: homoni itokanayo na testosteroni, homoni ya kiume, huidhoofisha mizizi ya nywele kidogo kidogo, kila unywele mpya ukiota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Mwaka 2007 watafiti wa Jena, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo mizizi ya nywele za wanaume wenye upara ilikuzwa maabara. Testosteroni ilipotiwa ukuaji ulififia, na kafeini kidogo sana ilipoongezwa ukuaji ukapata nafuu. Matangazo mengi ya shampuu za kafeini yameegemea hapo. Hata hivyo, mzizi ulio kwenye chombo cha maabara huloweshwa dawa usiku na mchana, ilhali ulio kichwani hupata povu la dakika mbili likasuuzwa. Ni kweli kwamba hata dakika hizo mbili huiwezesha kafeini kupenya kwenye vitundu vya nywele, lakini kupenya si kuotesha. Mwaka 2018 mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza iliizuia shampuu ya kafeini iitwayo Alpecin kudai kwamba husaidia kupunguza kunyonyoka kwa nywele, kwa kuwa ushahidi uliotolewa haukutosha.

Ushahidi ulio bora kidogo unahusu dawa ya maji ya kupaka na kuacha kichwani. Nchini India, wanaume 210 walifuatiliwa kwa miezi sita, wengine wakitumia kafeini ya asilimia 0.2 na wengine minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 5, na matokeo yakakaribiana. Ila hapakuwa na kundi la kulinganishia lililopewa maji yasiyo na dawa yoyote, na kila mtu alijua anachopaka. Kwa hiyo mimi ningemwelekeza kaka yako kwa daktari wa ngozi azungumze naye kuhusu minoksidili, akijua kwamba akiiacha, nywele alizopata zitapotea ndani ya miezi michache. Vikombe anavyoongeza vitamnyima usingizi tu, maana kafeini inayonywewa husambaa mwilini mzima. Na mafuta hayo, kama ni kahawa iliyolowekwa kwenye mafuta ya nazi, yatakuwa na harufu kuliko kafeini, ambayo huyeyuka vyema kwenye maji, si kwenye mafuta.

Wewe, kwa maelezo yako, yaelekea nywele zako zinang'olewa na mvuto wa rasta, na hilo kafeini haina uwezo wa kulizuia. Jitazame kwenye kioo penye mwanga: mara nyingi katika hali hii hubaki mstari wa vinywele vifupi mbele kabisa, na nyuma yake ndipo penye uwazi. Kichwa kikikuuma usiku wa kwanza hata usiweze kukilaza, au vipele vidogo vikitokeza kwenye kingo, ujue msuko umebana kupita kiasi, hata kama msusi atakwambia utazoea. Fumua, pumzisha kingo kwa miezi kadhaa, usiunganishe rasta ndefu nzito, na mitindo ya kuvuta nywele zote nyuma kama twende kilioni uiache kwa sasa. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha hukatika upesi zaidi zikisukwa. Kahawa ya kuoshea haitakudhuru, mradi usisugue machicha yake kwenye ngozi iliyochubuka.

Ikiwa sehemu hizo zimekuwa laini, zinang'aa na hazionyeshi tena vitundu vya nywele, usisubiri miezi hiyo ipite. Nenda kliniki ya ngozi mapema, kwa sababu mzizi uliokwisha kugeuka kovu hauoti tena kwa dawa ya kupaka.