Bwana Samaki Mstaafu Anajibu: Viongozi wana vyeti, wachokoaji hatuna kauli

SWALI: Shikamoo mzee. Nachokoa pweza kwa kijiti kwenye mapango ya mwamba huku Kilwa. Mradi uliwapeleka viongozi wa BMU yetu (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) semina mjini, wakarudi na vyeti na fulana. Mradi umekwisha, na sasa wanataka kufunga mwamba miezi mitatu. Wanawake hatukushirikishwa. Tutakula nini, na tutajuaje kama pweza wameongezeka kweli?
Mama Mchokoaji, Kilwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kufunga mwamba kwenyewe si jambo baya. Wenzenu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza mwaka 2004, na pweza wao ni huyu huyu wetu. Pweza haishi sana, mwaka na kitu, ila akiachwa hunenepa upesi mno. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Ukimchokoa kabla ya hapo, umeondoka na kizazi chake chote.

Lakini mapango hayo mnayajua nyinyi. Mwenye mashua anayetega nyavu maji makuu, mwamba wa maji kupwa anausikia kwa mkewe! Kwa hiyo usimfuate mwenyekiti nyumbani. Simama kwenye mkutano mkuu wa kijiji useme kifungwe kipande, wachokoaji ndio wakichague, na kwingine mwendelee kutafuta riziki. Wakifunga kote, bamvua la kwanza tu, maji yakipwa sana, watu wataingia usiku na tochi, nami sitawalaumu.

Kuhusu kujua kama wameongezeka, hapo ndipo semina nyingi huniudhi: cheti kipo ukutani, mzani haupo. Anzeni kuandika leo, kabla ya kufunga. Tarehe, mwamba gani, wachokoaji wangapi, pweza wangapi, kilo ngapi. Mfano: “Wachokoaji sita, pweza kumi na mmoja, kilo tisa.” Hiyo hesabu ya watu msiiache. Siku ya kufungua kijiji kizima kitamiminika mwambani, kilo zitapanda hata kama pweza ni wale wale, na viongozi watapiga vigelegele bure. Daftari apewe binti aliyemaliza kidato cha nne, mnunuzi asilishike. Na kila pweza apimwe peke yake, maana chini ya nusu kilo sheria inakataza kumvua; mtaona wenyewe ni wangapi mnaowatoa wangali watoto.

Wageni wa dago, wavuvi wa mbali wanaopiga kambi pwani kwa muda, nao watasikia habari za ufunguzi. BMU haiwezi kuwazuia kwa maneno matupu. Inatakiwa sheria ndogo, ipitishwe na mkutano mkuu, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Anzeni mapema, makaratasi hayo huchelewa. Afisa uvuvi wa wilaya awasaidie kuiandika. Ni kazi yake, analipwa mshahara, hahitaji mradi wala posho ya semina. Mwiteni siku ya bamvua, avue viatu, mumwonyeshe mpaka wa kipande chenu.