Tanki liko darini, jikoni maji yanatoka vizuri, shawa inadondosha tu

Usinunue pampu kwanza. Fungua kichwa cha shawa, kisha achia maji bila hicho kichwa. Yakitoka kwa nguvu, ni chumvi imeziba matundu: kiloweke kwenye siki usiku kucha, usugue kwa mswaki wa zamani. Kama ni shawa ya umeme, angalia pia kichujio kidogo pale maji yanapoingia, lakini zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujagusa chochote.

Yakiwa dhaifu hata bila kichwa, kagua valvu za laini inayokwenda bafuni. Geti valvu (zile za kuzungusha mara nyingi) za bei rahisi hukatika kwa ndani: mpini unazunguka vizuri, ulimi umebaki chini umeziba njia. Usihangaike kuitengeneza, weka koki ya mpini, ile ya kugeuza robo mzunguko.

Valvu zikiwa nzima, pima kimo. Kila mita 1 kutoka usawa wa maji kwenye tanki hadi kichwa cha shawa inatoa msukumo wa takriban bar 0.1 tu. Ukiwa na mita 2 una bar 0.2, na bomba la nusu inchi tangu tankini lenye elbo (kona) nyingi litaumaliza karibu wote. Ndiyo maana sinki, iliyo chini zaidi, haikusumbui. Shusha maji kutoka tankini kwa bomba la inchi 1, matawi yawe ya bomba la robo tatu inchi, nusu inchi ibaki kipande cha mwisho. Na bomba lisipande na kushuka njiani. Hewa hunasa pale kwenye mgongo.

Pampu ikilazimu, iwekwe baada ya tanki, isivute moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji.