Tatuu Kubwa Hulipiwa kwa Saa

Mkono wangu wa kushoto una tatuu tangu begani hadi kwenye kifundo. Nilichorwa hapa Houston. Jamaa zangu wa Mombasa wakiiona kwenye simu huuliza bei kabla ya kuuliza ni mchoro wa nini, na nikiwatajia husema nimepigwa. Sikupigwa.

Unacholipia ni saa za mtu. Wachoraji wengi wazoefu katika miji ya Marekani hutoza kati ya dola 150 na 250 kwa saa, na wenye majina huzidi hapo. Mkono mzima uliobuniwa kwa ajili yako peke yako, wenye vivuli na manakshi madogomadogo, unaweza kula saa 15 hadi 30. Saa 20 kwa dola 180 ni dola 3,600. Hapo hujatia bakshishi, ambayo huku ni kawaida kutoa asilimia 15 hadi 20, yaani si chini ya dola 540 nyingine. Sisi wageni hiyo ndiyo hutukuta hatujajipanga.

Wala mchoraji haondoki na fedha yote. Wengi hugawana na mwenye studio au hulipa kodi ya nafasi yao. Sindano hutumika kwa mtu mmoja na kutupwa. Glavu na vikombe vya wino vivyo hivyo. Halafu kuna saa alizokaa nyumbani kwake akibuni mchoro, ambazo mara nyingi huzioni kwenye hesabu. Ndiyo maana anadai arbuni, na ukighairi hairudi. Uliza mapema kama itakatwa kwenye kikao cha kwanza au cha mwisho, kama muda wa kula nao unahesabiwa, na kama kurudia sehemu zilizopauka baada ya kupona ni bure.

Kwa ngozi zetu nyeusi, kuna jambo la kutazama kabla hata ya bei. Studio ya kwanza niliyoingia, picha zote ukutani zilikuwa za ngozi nyeupe. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba wino ni wino. Nikaaga. Kwenye ngozi nyeusi rangi hafifu hufifia, na mistari iliyobanana huonekana kama doa. Mchoro unataka ukubwa, mistari iliyokoza na nafasi ya kupumua. Dai picha za kazi iliyokwisha kupona kwenye ngozi kama yako, maana tatuu ya siku ile ile hung'aa kwa kila mtu. Na kama kwenu makovu huota yakavimba, muone daktari wa ngozi kwanza.

Sasa kuhusu kuvutana bei kama tuko Marikiti: usijaribu. Mchoraji akikubali kushusha sana, atapunguza saa, na saa hizo zitapungua mkononi mwako. Mwambie wazi, “Nina dola 2,000, tunaweza kufanya nini?” Wangu aliondoa mandhari ya nyuma, akaacha ngozi tupu katikati ya maua, akanishauri tubaki na nyeusi na kijivu badala ya rangi. Tukaanza na bega, sehemu ya chini ikangoja nikusanye tena. Ngozi yenyewe huhitaji wiki kadhaa kati ya kikao na kikao, kwa hiyo malipo hugawanyika bila kukopa. Mimi kwa kweli naona mchoro ulipendeza zaidi ulipopunguzwa, ingawa mke wangu anasema najifariji.

Gharama za baadaye ni ndogo: sabuni isiyo na manukato, mafuta ya kupaka, dola chache tu. Ila kama kazi yako ni kubeba mizigo ghalani, panga kikao mwanzo wa siku zako za mapumziko, na uongeze kwenye bajeti siku moja au mbili usizolipwa. Mkono uliochorwa saa tano mfululizo hauinui sanduku kesho yake.