Maswali ya Karakana: Rafu ya Ukingo wa Asili Juu ya Meko

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma pamoja na familia, na useremala naufanya mwishoni mwa juma kwa kuupenda tu. Nyumba yetu ya Ilazo ina meko ya kuotea moto sebuleni, kwa sababu mke wangu amekulia Njombe na hakukubali ramani isiyo na meko. Nimenunua bao la mninga lililopasuliwa upande mmoja tu, upande wa pili likiwa bado na gome, lenye urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 28 na unene wa sentimita 7. Nataka liwe rafu juu ya meko, ukingo wa mti ukitazama mbele kama ulivyoota. Muuzaji anasema limekauka. Nianzie wapi, niliweke umbali gani kutoka kwenye moto, na nilishikeje ukutani bila vyuma kuonekana? — Msomaji wa Ilazo, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na ukingo wenyewe, kwa kuwa ndio uliokufanya ununue bao hilo na ndio utakaokusumbua. Mninga husifiwa kwa kiini chake cha kahawia, ambacho hakipindi ovyo na ambacho wadudu hukikwepa. Lakini mara tu chini ya gome hakuna kiini. Pale pana sehemu nyeupe ambayo, mti ulipokuwa hai, ilipitisha maji na kuhifadhi wanga, na wanga huo ndio chakula cha dumuzi wanaoacha unga mwembamba sakafuni. Seremala wa kawaida huipasua sehemu hiyo akaitupa, ilhali wewe unataka kuiweka mbele ya wageni. Hakuna ubaya, mradi uihudumie kabla haijapanda ukutani.

Gome liondoe lote. Najua wapo wanaolipenda, ila gome la mti mkavu hubanduka lenyewe siku usiyoitarajia, wadudu hujificha kati yake na mti, na nyuzi zake kavu hushika cheche upesi. Tumia patasi butu au tezo kwa mkono mwepesi, ukifuata mwelekeo wa nyuzi, kisha umalizie kwa brashi ngumu ya mkono. Grenda yenye brashi ya chuma huchimba mifereji ambayo msasa hauifuti, na ukingo hupoteza ule mwonekano uliolipia. Sehemu nyeupe ipake maji ya boraksi mara mbili, uiache ikauke kabisa, ndipo ufikirie mafuta, kwa maana dawa hiyo haipenyi mahali palipokwisha kupakwa mafuta au vanishi.

Sasa kuhusu ukavu. Muuzaji wa mbao anaposema bao limekauka, mara nyingi anamaanisha kwamba halidondoki maji. Kipimo cha mafundi wa zamani ni mwaka mmoja wa kivulini kwa kila inchi ya unene, na bao lako linakaribia inchi tatu. Huhitaji kifaa cha bei kubwa ili kujua ukweli: lipeleke kwenye mzani wa dukani, uandike uzito na tarehe kwa penseli upande wa nyuma, ulirudishe baada ya majuma mawili, na uendelee hivyo mpaka uzito ukome kushuka. Kwa vipimo vyako, bao la mninga lililokauka linapaswa kuwa na kilo 22 au 23 hivi. Likivuka 30, lina maji mengi.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu Dodoma kuliko pwani. Mti haukauki hadi mwisho, bali hutulia kulingana na hewa inayouzunguka: pale ambapo unyevu wa hewa ni asilimia 80, mti hutulia ukiwa na maji ya takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu, na pale ambapo unyevu ni asilimia 50, hutulia kwenye asilimia 9 hivi. Kwa hiyo bao lililotulia katika banda la Dar es Salaam likifika Dodoma huanza kukauka upya na kusinyaa kwa upana, na kwa mti wa kawaida wenye upana kama huo wako tofauti yaweza kufika milimita nne au tano. Mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingi, lakini husinyaa. Mvua zetu huanza kwenye Desemba na kukoma kwenye Aprili, na miezi mingine ni pepo kavu. Bao lihukumu wakati wa kiangazi, hasa kati ya Agosti na Oktoba, wala usiliamini lililopimwa mwezi Februari.

Pamoja na hayo, ukavu wa hewa yetu usikufanye uharakishe. Bao nene likianikwa juani au kuwekwa karibu na bati, ngozi yake husinyaa huku tumbo likiwa bado na maji, na mipasuko huanzia kwenye ncha. Paka ncha zote mbili rangi ya mafuta iliyobaki au nta, ulilaze kivulini juu ya vijiti vya unene uleule ili hewa ipite chini na juu, na katika majuma ya mwisho uliweke sebuleni kwenyewe.

Kabla ya kupiga randa, amua uso upi utatazama chini. Itazame ncha ya bao: pete za mti zitakuonyesha upande uliokuwa karibu na kiini na upande uliokuwa karibu na gome. Bao likikauka, uso wa upande wa gome husinyaa zaidi, na kingo hujikunja kuuelekea. Moto nao, kwa kuwa uko chini, utaukausha uso wa chini kuliko wa juu na kuzivuta kingo ziiname. Ukiuelekeza uso wa kiini chini, nguvu hizo mbili zitapingana. Ukiugeuza, zitasaidiana kulipinda bao. Isitoshe, uso wa kiini ndio mpana zaidi, kwa hiyo ukiwa chini, ukingo wa asili utalala kwa mteremko unaotazama juu, na mtu aliyesimama atauona wote. Kunyoosha bao pana bila mashine kunawezekana: weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho, uviangalie kwa jicho moja ili uone panapopinda, kisha piga randa kwa mshazari kwanza, na mwisho kwa kufuata nyuzi. Vaa barakoa muda wote, maana vumbi la mninga huwasha pua na kifua, na wapo linaowaletea pumu.

Kuhusu umbali, kanuni za Marekani za meko ya matofali zinatoa kipimo kinachofaa kufuatwa popote. Mbao yoyote isiwe ndani ya inchi 6 kutoka mdomo wa meko, yaani sentimita 15. Na kati ya inchi 6 na 12, isichomoze zaidi ya sehemu moja ya nane ya umbali wake kutoka mdomo huo. Rafu inayochomoza sentimita 28 haiwezi kutimiza sharti hilo, hivyo lazima uso wake wa chini uwe juu zaidi ya sentimita 30, na mimi ningeanzia 45. Kabla ya kutoboa ukuta, washa moto mkubwa kama wa usiku wa Julai, uuache uwake saa mbili, huku kipande cha mbao chenye kipimajoto kikiwa kimeshikiliwa mahali ambapo rafu itakaa. Kikivuka nyuzi 60 za Selsiasi, panda juu zaidi. Tahadhari hii si ya woga: mti unaopashwa moto mwaka baada ya mwaka hubadilika taratibu na kuweza kushika moto kwa joto dogo kuliko mti mpya. Kama meko yako ni ya chuma yaliyotoka kiwandani, maelekezo ya kijitabu chake yanatangulia haya yangu.

Kwenye ukuta, tumia nondo tatu laini za milimita 16. Mwulize kwanza fundi aliyejenga nyumba ni wapi inapita dohani, yaani njia ya moshi, na ukuta wake una unene gani, kwa sababu tundu likiingia ndani yake, moshi na gesi yenye sumu vitapata njia ya kuja sebuleni. Nondo zikae kwenye zege la linta au tofali lisilo na uwazi, na zishikwe kwa saruji ya kujazia isiyosinyaa. Gundi nyingi za epoksi hulegea zikipata joto la nyuzi 50 au 60, na ukuta wa dohani hupata joto. Saruji ikishakomaa, chukua boksi la karatasi ngumu, ulibonyeze kwenye nondo, upate alama kamili za kutoboa bao. Matundu ya bao yawe na kina cha sentimita 17 hivi na yapwaye kwa milimita moja au mbili. Usigundishe bao kwenye nondo zote: tone la silikoni kwenye nondo ya katikati linatosha, ili mti uweze kusinyaa na kutanuka bila kupasuka.

Kumalizia, ninapendelea mafuta ya mbegu za kitani (lini) yaliyochanganywa na tapentaini kidogo, kwa tabaka nyembamba, kuliko vanishi nene inayobabuka kwa joto. Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivikunje na kuvitupa kwenye pipa, kwani hujipasha joto vyenyewe hata vikawaka. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji.

SWALI: Mwanangu fundi, habari za kazi. Mwembe wetu mkubwa ulianguka, nami nikapasulisha mbao nene, moja kwa ajili ya meko ya nyumba yetu ya zamani. Ina ufa mrefu mwishoni. Mjukuu wangu anataka kuujaza gundi ya rangi ya buluu, kama aonavyo kwenye simu. Je, itafaa? — Mwalimu mstaafu, Kondoa

JIBU: Mama yangu, shikamoo. Kwa meza ya mjukuu, ndiyo. Kwa rafu ya juu ya moto, hapana, kwa sababu gundi hiyo ni epoksi ileile niliyoitaja hapo juu. Uacheni ufa uonekane, na kuuzuia usiendelee, chongeni vipande viwili vya mti mgumu kama mkongo, vyenye kiuno chembamba na mabawa mapana mfano wa kipepeo, mvizamishe kuukata ufa huo kwa upana, nyuzi za kipande zikipishana na mwelekeo wa ufa. Mwembe hushambuliwa na wadudu na ukungu kwa urahisi hata sehemu yake ya ndani, hivyo boraksi ipakwe bao zima. Mistari myeusi ya ukungu msiihangaikie, mradi mti ni mkavu na haubonyei kwa kucha. Binafsi naiona inapendeza.

SWALI: Nikinunua bao kama hilo la mninga Manyoni na kulileta Dodoma kwa gari langu, nahitaji karatasi gani? — Msomaji wa Nkuhungu

JIBU: Mazao ya misitu husafirishwa kwa hati ya kusafirishia inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hata kama bao ni moja na si la biashara. Nunua kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, udai stakabadhi, na upitie ofisi ya Wakala kabla ya kupakia. Asiyeweza kukuonyesha mbao zake zimetoka wapi, mwachie bao lake.