Mbolea na ladha ya chai ya kijani ya Japani

Mkuu, umeuliza kwanini gyokuro yako (chai ya kijani inayokuzwa kivulini) ina ladha kama supu na ile sencha (chai ya kijani ya kawaida, inayokuzwa juani) ya ogani ya bei chee ni nyepesi na ina ukakasi, ukadhani umepigwa. Hujapigwa, sababu kubwa ni mbolea na kivuli.

Iko hivi, mchai ukila naitrojeni nyingi, yani kile kirutubisho cha kwenye mbolea, mizizi yake inatengeneza theanini, ndo inayoleta ule utamu wa supu, inapanda mpaka kwenye majani machanga, sasa jua likiyapiga theanini inageuka kuwa katekini na hapo ndo ukakasi unapoingia. Ndo maana shamba la gyokuro wanalifunika kama siku 20 kabla ya kuchuma, tena wanalilisha kwelikweli, mashudu ya mbegu za rapa (mmea wa mafuta), unga wa samaki, na wengine chumvichumvi. Mkulima wa ogani mara nyingi anaweka naitrojeni kidogo, so chai inatoka nyepesi, harufu safi, mi binafsi naipenda zaidi hiyo asubuhi.

Ila usidhani mbolea nyingi ndo ubora, Shizuoka, mkoa wa Japani unaolima chai, walishazidisha zamani mpaka udongo ukawa na asidi na naitreti, yani naitrojeni ya mbolea iliyozidi, ikaingia kwenye maji, baadae wakapunguza.

We hiyo sencha usiimwagie maji yanayochemka bana, yaache yapoe mpaka nyuzi 70 hivi, dakika moja tu inatosha, halafu mimina mpaka tone la mwisho maana ndo lina utamu mwingi.